Jinsi ya kwenda kusikiliza mziki laivu kama masikio yako hayachagui

Mi ni wale watu ukichukua simu yangu ukaacha nyimbo zijipange zenyewe utadhani ni simu ya familia nzima. Inaanza Sikinde, inakuja kaswida, inakuja singeli ya huko Mbagala, mara Hukwe Zawose na ilimba, ile ya Kigogo yenye vijiti vya chuma vya kupiga kwa dole gumba, mara rege, mara kwaya ya AIC Chang'ombe. Nyumbani walishaacha kuuliza. Ila washkaji wananiuliza sana, inakuwaje Ijumaa uko taarab umetulia kwenye kiti kama mtu kaja ukweni, Jumamosi uko kwenye vumbi la singeli una kiatu kimoja (kweli kilitoka, sikukiona tena), afu Jumapili jioni uko kwenye dansi na wazee wa zilipendwa. Na swali linalofuata ni lilelile, na mi nataka kuanza kwenda, naanzia wapi, maana nilienda siku moja ikaniboa.

Mara nyingi kilichomboa mtu wa hivo sio mziki. Alienda na tabia ya shoo nyingine. Kaenda taarab anataka kuruka, hakuna anayeruka, kaona wamelala. Au kaenda dansi saa mbili usiku akakuta vijana wanapiga kopi za watu, saa nne kaondoka, na bendi yenyewe inapanda saa nne na nusu. Kila mziki una mlango wake wa kuingilia, una muda wake, una mahali pa kusimama na una hela yake ya mfukoni. Ukishajua hayo utashangaa unapenda vitu ulivyokuwa unavicheka. Mi ni mtu wa Dar kwahiyo nitaongelea Dar na Zanzibar, ndo nakokujua.

Kwanza kabisa hakikisha ni laivu kweli. Kuna mwaka nililipa kiingilio cha maana kwenda kumwona msanii mmoja mkubwa, jina naliacha, ufukweni huko, tumesimama toka saa tatu, kapanda saa tisa usiku, di jei akaweka wimbo wote na sauti ya jamaa ikiwemo humohumo ndani, ye kazi yake ikawa kusema mikono juu na kutunyooshea maiki tuimbe sisi. Dakika ishirini kashuka, na sisi ndo tuliotoka na koo limekauka. Sasa hivi napiga simu kabla, nauliza neno moja tu, bendi au CD? Watakuelewa na wengi hawadanganyi. Kama huna namba nenda mapema uangalie jukwaa. Ukiona drams, ukiona spika za magitaa, nyaya zimetapakaa na mtu anasema "tesi, wani tuu" mpaka unachoka, kaa hapo, kuna mziki. Ukiona meza ya di jei na spika mbili na bango la soda, basi ujue unachonunua. Simsemi vibaya mtu anayeimba kwa pleibeki, kuna watu wanaenda kumwona mtu na sio kumsikia na hela ni yao, ila mi sio mteja.

Anza na dansi. Nasema hivi hata kwa vijana wanaodhani dansi ni ya wastaafu. Sababu ni kwamba kwenye dansi kila chombo unakiona kinapigwa mbele yako, gitaa la solo, la ridhim, besi, drams, tumba, na kama una bahati tarumbeta na saksafoni, na nyimbo ni ndefu kwahiyo una muda wa kujifunza kusikiliza. Bendi ya Msondo ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikawa Juwata, ikawa OTTU, ndo ikaja kuwa Msondo Ngoma. Sikinde, yani Mlimani Park, ni ya 1978. Ushindani wao ni kama Simba na Yanga na ukienda siku ya mpambano wao, ambayo mara nyingi wanaiweka sikukuu, utakuta mashabiki wamekaa kambi mbili na hawakopeshani hata kiberiti. Usijibane kuchagua upande. Marehemu Muhidin Gurumo mwenyewe kaimba kote kote, we nani.

Wimbo wa dansi una sehemu mbili na hapa ndo wageni wanapotea. Mwanzo ni taratibu, waimbaji watatu wanne wamesimama mstari mmoja wanaeleza habari, mke kaondoka, rafiki kamgeuka, baba kafa watoto wanagombania nyumba. Hapo usihangaike na kucheza sana, sikiliza maneno, maana ni hadithi na ukiikosa mwanzo huku mwisho utakuwa unaruka tu hujui unaruka nini. Kisha waimbaji wanarudi nyuma, solo anaingia na kale kamstari kanakorudiarudia, ridhim anamjibu, mtu wa tumba anaamka, na hapo ndo chemko. Wakongo wanaita sebene. Huo ndo muda wa kuinuka. Mimi kwenye chemko nina mchezo wangu, nachagua chombo kimoja nakifuata kama dakika mbili nasahau vingine vyote, naanza na besi kwa sababu besi ndo inayokwambia mguu uende wapi, afu nahamia ridhim, mwisho solo. Jaribu mara moja tu. Ukirudi kusikiliza wimbo huohuo kwenye simu utasikia vitu ambavyo miaka yote vilikuwepo na hukuwahi kuvisikia.

Sehemu ya kukaa. Watu wanakimbilia mbele ya spika wakidhani ndo kuzuri. Hapana. Tafuta alipokaa fundi mitambo, yule mwenye ile meza ya vitufe vingi, kaa karibu naye au mbele yake kidogo katikati ya ukumbi. Ye ndo anapanga sauti na anaipanga kwa masikio yake pale alipo, kwahiyo pale ndo mziki unakuwa sawa. Mbele kabisa utasikia drams na spika ya mpiga gitaa mmoja, waimbaji hutawasikia. Hii kanuni inafanya kazi kila mahali, ukumbi wa Temeke mpaka tamasha kubwa.

Ukitaka kuomba wimbo andika kwenye kikaratasi, kunja na noti, mpe mwimbaji wakiwa wanamaliza wimbo na sio katikati ya beti. Usiombe wimbo wa bendi nyingine kwenye bendi hii, utaangaliwa vibaya. Na wale wapiga vyombo wakishuka mapumziko wasalimie, wengi ni watu wazima, "shikamoo mzee, ile solo umetuua" inatosha kabisa, na kesho ukirudi utakuta umewekewa kiti. Hapo ndo nilipojifunza mimi historia yote hii ninayojifanya naijua. Mzee mmoja wa besi kanieleza usiku mzima jinsi wanamuziki wa Kongo walivyohamia Dar miaka ya 70, kina bendi ya Maquis, mwimbaji Remmy Ongala kaja 1978 kupiga na bendi ya Makassy kabla hajawa wa bendi ya Matimila, na jinsi magitaa ya Dar yalivyobadilika baada ya hapo. Soda mbili tu zimenigharimu.

Haya taarab. Hapa futa kila nilichosema juu.

Taarab asilia ya Zanzibar ni ya kukaa. Ikhwani Safaa wapo toka 1905, Culture Musical Club toka 1958, na watu wanaoenda kuwasikiliza wanavaa. Usiende na kaptula. Wanaanza na bashraf, hiyo haina kuimba, ni vyombo vitupu, fidla, kanuni (ile ya nyuzi nyingi inayolazwa), udi, kodiani, nai (filimbi), na usiongee na simu wakati huo ukidhani wanajaribu vyombo kama nilivyodhani mi mara ya kwanza, mama mmoja pembeni yangu alinigeukia akaniangalia tu, hakusema neno, nikaweka simu. Baada ya hapo anakuja mwimbaji, mara nyingi amekaa au amesimama wima hatikisiki, na kazi yote iko kwenye maneno. Mashairi ya taarab yanaongea kwa mafumbo, mtu anaimba kuhusu ua na nyuki na nusu ya ukumbi inaangaliana kwa sababu wanajua nyuki ni nani. Kama hukuelewa usijali, subiri kutunza.

Kutunza ndo mtihani. Mtu akiguswa na beti anainuka na noti yake, anaenda polepole mpaka jukwaani huku mabega yanacheza, anamtunza mwimbaji, anarudi. Sio bakhshishi tu ile. Mwanamke anaweza kuinuka kwenye mstari fulani kabisa, akapita karibu na meza fulani kabisa, na ujumbe ukafika bila yeye kufungua mdomo. Sasa we mgeni ukijiendea kutunza kwenye beti la mafumbo unaweza kujikuta umeingia ugomvi wa watu usioujua. Tulia wimbo wa kwanza na wa pili, soma ukumbi, kisha tunza kwenye sehemu ya mapenzi ya kawaida. Chenji noti ndogondogo kabla hujaingia. Nenda taratibu, usiikimbilie, na usimbandike mwimbaji noti usoni kama kwenye sendofu.

Taarab ya kisasa, ile ya rusha roho, ni habari nyingine, pale kinanda na magitaa ya umeme, watu wanacheza, na mipasho inarushwa waziwazi. Mi naipenda pia lakini ni kwa ajili ya watu zaidi kuliko vyombo, ukumbi wenyewe ndo shoo, sare za vitambaa, vikundi vya akina mama, basi. Ukisikia harusi Zanzibar ina kidumbak usikose. Ni kama mtoto mtundu wa taarab, fidla moja, vigoma viwili vidogo, na besi ni sanduku la mbao lenye kamba na mti, na linapigwa mpaka unasahau kwamba ni sanduku. Kwenye harusi uwe umealikwa lakini, au angalau umekuja na mtu aliyealikwa.

Kalenda nayo uiangalie. Ramadhani mziki visiwani unanyamaza na huku pwani pia kumbi nyingi zinafunga au zinapoa, afu Idd vyote vinarudi kwa mpigo mmoja, unaweza kushindwa uende wapi.

Singeli sasa. Wengi wa rika langu wanaikimbia, wanasema kelele. Hebu fanya hivi, ukisikia singeli sikiliza kile kinanda cha juu, kile kinachozungukazunguka. Kuna nyimbo kibao ambazo hicho ni kipande cha taarab kimekimbizwa mpaka kimekuwa kama nyuki. Na ukitaka kujua ilikotoka tafuta mchiriku, Jagwa Music na wenzao, vijana na vigoma na kale kakinanda kadogo ka Casio kamepitishwa kwenye spika ya tarumbeta kanalia kama kameumia. Kwahiyo yule mama wa taarab aliyenikata jicho na huyu dogo wa Tandale ni ndugu, hawajuani tu. Mi hii ndo raha yangu kubwa ya kusikiliza vyote, unaanza kuona nyuzi zinapita chini chini kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Na nje wameshaisikia, studio ya Sisso pale Mburahati kazi zao zilitoka kwenye mkusanyiko wa lebo ya Nyege Nyege ya Uganda 2017, wazungu Ulaya wanazicheza mpaka asubuhi na sisi hapa bado tunasema ni mziki wa wahuni.

Ila ukienda nenda kwa akili. Mapigo yanavuka 200 kwa dakika, kuna zinazokaribia 300, mwili wako haujazoea. Viatu vya kamba, na funga fundo mara mbili. Simu kubwa acha nyumbani, beba kitochi. Nusu saa ya kwanza simama pembeni karibu na ukuta, angalia duara linavyofunguka na kufungika, maana kuna muda watu wanakimbia wote upande mmoja na ukiwa umesimama katikati na soda yako umekwisha. Nenda na mtu wa mtaa ule. Na hivi vigodoro, sherehe za mtaani za usiku, usirekodi wadada wanaocheza ukaenda kuwaweka mtandaoni, wanaishi pale na wana watoto shule, hilo nasema kwa ukali kabisa. MC akikuchana kwa sababu umevaa shati la ofisini, cheka, mpe buku, imeisha.

Kama huna hela kabisa mwezi huu, kuna matarumbeta ya harusi. Jumamosi jioni Dar hii lazima utayaona, jamaa wamepanda kerii au pikapu nyuma ya gari la maharusi, tarumbeta, tromboni, ngoma kubwa, wanapiga huku gari linaingia kwenye mashimo na hawapotezi mdundo. Simama tu barabarani. Nishawahi kuwafuata kwa bodaboda toka Magomeni mpaka ukumbini Sinza, bodaboda mwenyewe hakutaka hela ya ziada, alikuwa anasikiliza.

Kijiji cha Makumbusho kuna ngoma za asili, Alliance Française, na kituo cha sanaa cha Nafasi kule Mikocheni, kuna shoo ambazo hujui utakuta nini na mara nyingi kiingilio ni kidogo au bure, nenda bila kuuliza nani anapiga. Ukiweza kufika Chamwino kule Dodoma kwenye tamasha la ngoma za Wagogo, sitaki kukuharibia, nenda tu.

Tamasha la Sauti za Busara kule Zanzibar ndo sehemu pekee ambayo utavipata vyote kwa tiketi moja. Ni Februari kila mwaka, Mji Mkongwe, ndani ya Ngome Kongwe, ilianza 2004, na sharti lao ni laivu tupu, kwahiyo lile swali langu la bendi au CD pale halina kazi. Mtanzania analipa chini sana kuliko mgeni kwahiyo beba kitambulisho. Boti kutoka Dar ni kama masaa mawili, kata mapema sababu wikiendi ile zinajaa, na chumba tafuta mapema zaidi, au fanya kama mimi, lala kwa watu mtaa wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, panda daladala, hela iliyobaki kula urojo. 2016 halikufanyika kwa kukosa wafadhili, ndo maana huwa nawaambia wanaotaka kupenya bila tiketi wanunue tu jamani.

Mbinu yangu ya Busara ni moja, ratiba ikitoka napiga mstari majina ninayoyajua na siyaandalii kitu, hao hata nikichelewa sawa. Nayapangia yale nisiyoyajua. Nasikiliza wimbo mmoja tu wa kila mmoja kabla ya kwenda, sio zaidi, nataka nishangae pale pale. Nilimpata mpiga kora, kile kinubi cha Afrika Magharibi, hivo hivo, nilikuwa naenda kununua maji. Mchana pumzika, Februari kule joto ni la kukaanga, vaa nguo ya kufunika mabega na magoti ukiwa mitaani, mji ule una wenyewe. Kula pale bustani ya Forodhani kabla ya saa mbili usiku, baada ya hapo foleni ya mishkaki itakuibia bendi nzima.

Masikio. Hapa naomba mnisikilize kwa sababu mi niliumia. Nilisimama kwenye spika usiku mzima, siku mbili sikio la kushoto linapiga filimbi, na mpaka leo mtu akininong'oneza upande ule namwambia ahamie huku. Wataalam wa usalama kazini wanasema desibeli 85 mtu anaweza kukaa masaa 8, ila kila zikipanda 3 muda unakatika nusu, kwahiyo ukifika 100, ambazo kwenye kumbi zetu ni kawaida, ni robo saa tu. Nunua vile vya kuziba masikio vya sponji, famasi vipo na maduka ya vifaa vya ujenzi vipo, bei ya chipsi. Vinapunguza, havizimi, na cha ajabu waimbaji utawasikia vizuri zaidi. Na kila saa moja toka nje dakika kumi, kunywa maji, yape mapumziko. Watoto usiwapeleke mbele ya spika, kabisa.

Simu, rekodi wimbo mmoja, weka mfukoni. Sina hotuba zaidi ya hiyo.

Kurudi nyumbani panga kabla ya kutoka. Mi nina mtu wangu wa bajaji, namwambia saa na nampigia chemko la mwisho likianza maana anahitaji dakika ishirini kufika, na hela yake huwa ipo kwenye soksi toka jioni ili nisije nikaitunza kwa bahati mbaya, ilishatokea, nikatembea kutoka Kinondoni mpaka Mwananyamala na viatu mkononi.

Nikifika naandika kwenye daftari kabla sijalala, nani kapiga, chombo gani kilinishika, wimbo gani sijaujua. Nusu ya mambo humo ni maswali. Wiki iliyopita nimeandika "mpiga tumba mrefu, kofia ya kijani, amekuja zamu ya mwisho, NANI HUYU" na kila niliyemuuliza ananiambia jina lingine. Jumapili narudi, nitakaa upande wa tumba.